Diski ina nafasi, seva inasema imejaa

Ujumbe wa mhasibu uliingia saa mbili kasoro robo asubuhi, tarehe 27, siku ambayo wanachama wengi hufungua mfumo kuangalia makato yao. “Mwanangu, watu hawaingii. Mtu anaweka nywila, inamrudisha palepale pa kuweka nywila.”

Chama ni cha akiba na mikopo, na jina lake halihusiki hapa. Mfumo wenyewe ni wa kawaida sana: tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP kwenye seva ya kukodi, Ubuntu 20.04, diski ya gigabaiti 20 yenye ext4, yaani mfumo wa kupanga faili diskini. Tunaitunza wawili, mimi na kijana ninayemfundisha kazi. Yeye ananiita kaka, mimi namwita dogo, na asubuhi ile dogo ndiye aliyekuwa karibu na kompyuta. Nilipofungua yangu alikuwa ameshaanza kazi.

Alichokiona kwenye logi ya makosa ni mstari mmoja unaojirudia mamia ya mara: session_start(), amri ya PHP inayoanzisha sesheni (faili ndogo ya kumkumbuka kila anayefungua tovuti), imeshindwa kufungua faili, “No space left on device (28)”. Diski imejaa. Akafanya ambacho wengi wetu tungefanya: akaingia /var/log akafuta logi za zamani zilizobanwa, kama faili sitini hivi, gigabaiti moja na ushee. Watu wakaingia. Dogo akanipigia kwa furaha. Hatujamaliza hata kuongea, mhasibu akaandika tena: imerudi kulekule.

Hapo ndipo akaangalia kitu ambacho kilitakiwa kuangaliwa kwanza, df, amri inayoonyesha nafasi ya diski:

df -h /

Jibu: imetumika 44%. Gigabaiti 11 ziko wazi.

Hizo dakika chache za nafuu ndizo zilizotupoteza. Ukifuta kitu na mfumo ukapona, akili inashika kwamba tatizo ni nafasi, na dogo alikuwa tayari anatafuta kingine cha kufuta. Nikamwambia aache kwanza. Seva ikisema imejaa na df ikasema haijajaa, mmojawapo anaongea lugha nyingine.

Nilianza na dhana iliyokuwa mbovu, na naiandika kwa sababu huwa inakuja kichwani kwanza kwa mtu yeyote aliyewahi kuteswa nayo. Kwenye Linux ukifuta faili ambayo programu fulani bado imeifungua, jina linaondoka lakini data inabaki diskini mpaka programu ile iifunge. Matokeo yake df inasema diski imejaa huku du, amri inayojumlisha ukubwa wa faili, ikikuhesabia kidogo. Dawa ni amri hii, inayoorodhesha faili zilizofunguliwa ambazo hazina jina tena:

sudo lsof +L1

Hakuna la maana lililotokea. Na lisingetokea: dalili zetu zilikuwa za upande wa pili, kwani df yenyewe ndiyo ilikuwa inasema kuna nafasi. Dakika tano zimepotea.

Kilichonizindua ni kidole. Nilikuwa naandika jina la folda nikabonyeza Tab ili terminali inimalizie, nikapata hiki badala ya jina:

bash: cannot create temp file for here-document: No space left on device

Bash, programu inayosoma amri ninazoandika, ilitaka kuunda faili ndogo ya muda, ya baiti chache, ikashindwa. Gigabaiti 11 ziko wazi na baiti chache hazipati pa kukaa! Basi kilichoisha si nafasi ya data. Kilichoisha ni uwezo wa kuunda faili.

df -i /

Filesystem Inodes IUsed IFree IUse% Mounted on
/dev/vda1 1310720 1310720 0 100% /

Sifuri. Hakuna inodi hata moja iliyobaki.

Dogo alikuwa hajawahi kuiona hiyo -i, kwa hiyo nikamweleza kwa mfano wa ghala la mazao. Ghala lina sakafu na lina kitabu cha stakabadhi. Kila gunia linaloingia linaandikiwa stakabadhi yake: ni la nani, limeingia lini, liko upande gani. Kitabu kikiisha kurasa, karani hapokei gunia hata kama nusu ya sakafu ni tupu. Inodi ndiyo stakabadhi: kila faili ina yake, inabeba ukubwa, mwenye faili, ruhusa, tarehe na mahali data ilipo. Jina halimo humo. Jina linakaa kwenye folda, ambayo kimsingi ni orodha ya majina na namba za inodi.

Kwenye ext4 idadi ya kurasa za kitabu inaamuliwa siku diski inapofomatiwa. Kawaida mke2fs, programu inayofomati, hutenga inodi moja kwa kila baiti 16,384. Gawanya gigabaiti 20 kwa hiyo namba utapata 1,310,720 kamili, ileile ya df. Inatosha kabisa kama wastani wa faili zako ni kilobaiti 16 na kuendelea. Haitoshi kama kuna mtu analeta magunia matupu.

Na kerneli, yaani kiini cha Linux, haikusaidii kutofautisha. Sakafu ikijaa au kitabu kikiisha, kosa ni lilelile, namba 28, maneno yaleyale. Ndiyo maana zile logi sitini zilileta nafuu: dogo alidhani ameachia gigabaiti moja, kumbe alichoachia ni stakabadhi sitini. Wanachama wakazimaliza kwa dakika chache.

Sasa, magunia yako wapi? Amri ya du tunaijua kwa kupima ukubwa, lakini ile ya GNU inajua pia kuhesabu inodi:

sudo du --inodes -x / | sort -n -T /dev/shm | tail -n 8

Ile -x inaizuia isivuke kwenda kwenye mifumo mingine ya faili kama /proc. Na -T /dev/shm ni tahadhari: sort ikipewa kazi kubwa huandika faili za muda kwenye /tmp, na sisi faili mpya hatuna uwezo nazo. /dev/shm iko kwenye RAM, ina kitabu chake. Nikaiacha izunguke nikaenda kumimina chai.

Niliporudi mkosaji alikuwa mmoja, hakuna wa kumkaribia: folda ya sesheni ndani ya tovuti yenyewe, faili 1,068,214.

Dogo akaingia ndani yake akaandika ls, amri ya kuorodhesha faili. Terminali ikaganda. Hiyo nayo ni ya kueleza, maana wengi wakiona hivyo wanadhani seva imekufa. Kabla ya kukuonyesha jina la kwanza, ls husoma majina yote, huyapanga kwa alfabeti, halafu ndiyo huchapa. Majina milioni moja ni mengi. Ukitaka kuchungulia tu, mwambie asipange:

ls -f | head

Kuna njia nyingine ambayo haiingii ndani kabisa, nayo ni kuitazama folda yenyewe kwa ls -ld. Folda ya kawaida inasoma 4096. Yetu ilisoma 61792256, yaani orodha ya majina peke yake ina karibu megabaiti 60. Nikiona folda ina namba kama hiyo sihitaji kuambiwa zaidi.

Ctrl+C, kisha dogo akajaribu la pili, kufuta kwa rm:

rm sess_*

“Argument list too long.” Akaniuliza kama rm ina kikomo. Rm haina hatia. Kinyota hakishughulikiwi na rm, kinashughulikiwa na bash: inakipanua kuwa majina yote yanayolingana, kisha inamkabidhi rm furushi zima kwa mkupuo. Kerneli ndiyo inayokataa furushi likizidi kipimo, na kwenye Linux ya kawaida kipimo hicho, ukiuliza kwa getconf ARG_MAX, ni baiti 2,097,152. Majina yetu yana herufi 31 kila moja. Ukihesabu pamoja na gharama za pembeni, furushi linabeba majina elfu hamsini hivi. Sisi tulikuwa na mara ishirini ya hapo.

Nakiri nilifurahi likakataliwa, kwa sababu ndani ya folda ile mlikuwa na sesheni za watu waliokuwa wameingia dakika ileile, na pia ushahidi. Kufuta kungetupa siku tulivu, lakini tusingejua nani anajaza.

Basi find, amri ya kutafuta faili. Chombo hiki ni kizee: kiliandikwa na Dick Haight huko Bell Labs na kilikuwamo kwenye Unix toleo la 5, mwaka 1974. Ukizoea amri nyingine utaona sarufi yake ni ya ajabu, lakini ina sifa moja iliyotufaa: inatembea folda ikishughulikia faili kadiri inavyozikuta. Haibebi furushi. Kabla ya kufuta chochote nilichukua tarehe na ukubwa wa kila faili, nikaziweka kwenye RAM:

find . -maxdepth 1 -type f -name 'sess_*' -printf '%T+ %s\n' > /dev/shm/ushahidi.txt

Kwanza nikahesabu zilizo tupu kabisa, baiti sifuri: 1,051,847. Zenye kitu ndani hazikufika elfu kumi na saba. Ndiyo maana du ya kawaida haikuona kitu: faili tupu haichukui hata kipande kimoja cha data. Inachukua stakabadhi tu.

Kisha nikapanga kwa muda, nikachagua usiku mmoja wowote. Sehemu ya saa ilisomeka hivi:

03:11:07 0
03:12:07 0
03:13:07 0
03:14:07 0

Nani anafungua tovuti ya chama cha akiba na mikopo saa tisa usiku, kila dakika, sekunde ya saba, na hachoki? Mwaka mmoja una dakika 525,600. Miaka miwili, 1,051,200. Nikaangalia ile namba ya faili tupu, nikaangalia hii. Nikajua kabla sijafungua logi ya Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti, lakini niliifungua, kwa heshima ya utaratibu:

grep ':03:11:0' access.log

Ilikuwa huduma ya nje inayopima kama tovuti iko hewani. Inagonga ukurasa wa mwanzo mara moja kwa dakika. Niliyeiweka ni mimi, miaka miwili kasoro wiki chache iliyopita, na nakumbuka nilijisifu.

Nenda na mgeni huyo polepole mpaka mwisho wa njia. Ukurasa wa mwanzo unaita session_start() kwa kila mgeni. Kivinjari cha mwanachama kinatunza kuki, alama ndogo ya kumtambua, kwa hiyo akirudi anatumia sesheni ileile. Kipimo hicho cha nje hakitunzi kuki. Kila dakika ni mgeni mpya, anapewa faili mpya, haandikiwi kitu ndani, anaondoka. Roboti wa injini za utafutaji wanafanya hivyohivyo, ila kwa uchache.

Hata hivyo mtu wa kufagia si yupo? Kwenye Debian na Ubuntu ufagio wa ndani wa PHP umezimwa: session.gc_probability ni 0. Badala yake kuna taima ya systemd (programu inayoendesha huduma za seva), phpsessionclean, inayoamka mara mbili kila saa na kusafisha njia inazozijua kutoka kwenye php.ini, faili ya mipangilio ya PHP, kwa kawaida /var/lib/php/sessions. Mfumo wetu uliwahi kuishi kwenye seva ya kuchangia na watu wengine, na kule aliyeuandika alihamishia sesheni kwenye folda ya tovuti kwa session_save_path(), ndani ya msimbo. Lilikuwa jambo la busara kule. Tulipohamia hapa mstari ule ukahama nao. Mfagiaji anasoma php.ini, hasomi msimbo wa mtu, kwa hiyo folda ile hakuijua hata siku moja. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa.

Na kipimo chenyewe asubuhi ile kilisemaje? Kijani. session_start() ikishindwa kuandika inatoa onyo kwenye logi, ukurasa unaendelea, jibu linatoka 200, namba ya kusema mambo ni sawa. Kwa mtazamo wake tovuti ilikuwa nzima.

Kufuta, sasa. Hapa nilimnyang’anya dogo kibodi, maana alikuwa ameshaandika hivi, akiwa juu kabisa ya folda ya tovuti:

find . -empty -delete

Mantiki yake ilikuwa safi: takataka ni faili tupu, basi futa vitu vitupu. Ila -empty inakamata pia folda tupu, zikiwemo zile zinazosubiri fomu za mikopo za mwezi ujao, na faili tupu ambazo programu huziweka makusudi kama alama. Nikaandika yangu, kwanza bila kufuta:

find /var/www/mfumo/data/sesheni -maxdepth 1 -type f -name 'sess_*' -mmin +1440 -print | head

Nikaona majina ninayoyatarajia. Nikaondoa head, nikabadilisha -print kuwa -delete, na nikaiacha hapohapo mwishoni. Mahali ilipo ni jambo la kufa na kupona. Find inasoma masharti kutoka kushoto. Ukiitanguliza -delete mbele ya -name, itafuta kwanza halafu ndiyo iulize jina. Nimeona mtu mzima mwenye cheti akifanya hivyo.

Nukuu kwenye 'sess_*' nazo si mapambo. Bila hizo, ukiwa ndani ya folda yenyewe, bash inakipanua kinyota kabla find haijakiona.

Na kwa nini -mmin +1440, wakati kuna -mtime +1 iliyo fupi? Kwa sababu -mtime +1 haina maana ambayo wengi wanaipa. Find inagawanya umri wa faili kwa saa 24, inatupa sehemu inayobaki, kisha inalinganisha. Faili ya saa 47 kwake ina umri wa siku moja, na moja haizidi moja, inabaki. Lazima ifike saa 48. Kwenye kazi yetu isingedhuru, ila nimechoka kuihesabu kwa vidole kila mara. Dakika 1,440 ni siku moja na haina ubishi.

Dogo aliuliza kwa nini nisitumie -exec rm {} \; kama alivyoona mahali. Ingefanya kazi, ila kwa kuzaa rm mmoja kwa kila faili, yaani michakato milioni moja kwenye seva ambayo watu wanaisubiri. Ukiandika + badala ya \; find inampa rm majina kwa mafungu, nafuu kubwa. Kwa -delete haizai mtu, inafuta yenyewe. Nikatanguliza ionice -c3 ili hifadhidata isikose pumzi. Ilichukua dakika nne hivi, na kabla haijafika nusu mhasibu alikuwa ameshaandika kwamba watu wanaingia.

Mtoa huduma wa seva naye alijibu tiketi ambayo dogo alikuwa amemtumia mapema: ongezeni diski iwe gigabaiti 40. Si ushauri wa kijinga. Mfumo wa ext4 ukipanuliwa inodi nazo zinaongezeka kwa uwiano uleule, tungepata nyingine 1,310,720. Kwa kasi ya moja kwa dakika tungekuwa tumenunua miaka miwili na nusu.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi. Mstari wa session_save_path() umetoka, sesheni zimerudi nyumbani kwa mfagiaji wake. Kipimo sasa kinagonga faili ndogo ya maandishi isiyogusa PHP, na kipimo cha pili kinajaribu kuingia kweli kwa akaunti ya majaribio. Folda ya zamani tuliifuta nzima, kwa sababu hata baada ya kubaki tupu bado ls -ld ilikuwa inasoma megabaiti zilezile 60: kwenye ext4 folda iliyovimba kwa kawaida hainywei. Na zile elfu kumi na sita zenye data za wanachama, nyingine za mwaka juzi, zilikuwa zimekaa humo muda wote bila sababu. Hilo liliniudhi kuliko inodi.

Kwenye taarifa kwa chama niliandika chanzo kama kilivyo, kipimo changu mwenyewe, na sikuweka ankara. Mhasibu akajibu: “Kwa hiyo mlinzi ndiye aliyekuwa anajaza ghala?” Ndiye, mama.

Jioni dogo alipita kwenye seva nyingine tano tunazotunza, kila moja kwa mstari mmoja:

df --output=ipcent,target /

Nne zimetumia inodi chini ya 20%. Ya tano, ya barua pepe, iko 83%. Inatumia Maildir, kila barua faili yake, na kuna mtu mmoja mle hajawahi kufuta barua tangu afunguliwe akaunti. Huyo tutaongea naye Jumatatu.